Jason Anaenda New York, Miye Nalipia Esanse

Bana, mumeona ile afishi kwenye ukuta wa sale ya video, pale Kirumba kando ya barabara ya Butembo? Jason, yule muuaji wa filimu, amesimama juu ya maghorofa ya New York. Miye New York naitamani tangu utoto. Paspoti sina, visa sina, hata nauli ya kwenda Beni ni vita na mama watoto. Sasa Marekani kwa franka 500? Nikalipa mbio.

Filimu ikatupeleka ziwani. Sawa. Wanafunzi wanapanda meli, Jason naye anapanda, tiketi hana, maji yanamchuruzika. Nikajua tunafika sasa hivi. Wapi! Meli. Korido ya meli. Mtu anakufa. Meli tena. Nikauliza kwa sauti, chombo kilichotoka ziwani kinafikaje New York? Ziwa ninalolijua miye ni Edward. Panda pirogi Kyavinyonge, Mungu akipenda utashukia Vitshumbi. Baharini hufiki ng'o. Mtoto wa jirani akanigeukia: "Papa, nyamaza, tuangalie." Sale nzima ikacheka. Jason anaua watu, wanacheka miye!

Tena huyo mtoto akajifanya profesa wangu mbele ya watu. Katika filimu za Jason, hii ni ya 8, ya mwaka 1989. Katika ya kwanza, ya 1980, muuaji ni mama yake Jason. Maski ya hoki aliivaa kuanzia ya 3. Ya 4, ya 1984, waliitangaza kuwa ya mwisho, mwaka uliofuata wakatoa ya 5, na humo muuaji ni mtu mwingine kavaa maski. Katika ya 6 radi ikampiga Jason kaburini, akaamka. Hapo nikachoka. Kwetu marehemu akizikwa, ndugu wanagombania shamba, basi, kwisha.

Na mtu mwenye panga kama Jason, sisi watu wa huku hatuna haja ya kulipa ili tumuogope. Miye nililipia maghorofa.

Meli ikazama, waliopona wakapiga makasia, ile sanamu ya mama mwenye mwenge ikatokea. Nikasimama. Giza! Grupu la umeme limekauka. Mwenye sale akasema tuchange esanse. Watu wote wakaanza kuangalia mabati. Mwenye haraka ni miye peke yangu, nikatoa, mfukoni ukabaki ufunguo wa nyumba.

Haya, Times Square. Jason anapiga teke redio ya vijana. Wanamjia juu, anawainulia maski, wanatimua mbio. Mwanamasumbwi mmoja anamtwanga juu ya paa mpaka mikono inamlegea, Jason anarudisha ngumi moja tu, kichwa kinaruka. Nikapiga yowe, karanga zangu zote zikamwagikia mama aliyekaa mbele. Profesa akainua macho kutoka kwenye simu: "Papa, sehemu kubwa waliipigia Vancouver, kule Kanada. New York feza ingewaishia."

Kumbe esanse yangu imeenda Kanada!

Mwishowe maji ya sumu yakamzoa Jason mferejini. Nikashukuru. Mtoto: "Ya 9 ni ya 1993, inaitwa Ijumaa ya Mwisho. Ya 10 yuko angani, mwaka 2455."

Mwenye sale, unisikie. Siku ukileta hiyo ya angani, esanse sichangi mpaka nimeona nyota. Na unitafutie benchi lingine, hili la nyuma lina msumari.