Lita Nne za Ugomvi

Inua boneti ya gari popote Dar es Salaam, hata kama unaongeza maji ya waipa tu, na muda si mrefu utakuwa na kamati. Atasogea bodaboda aliyekosa abiria, atasogea muuza karanga, atasogea na mzee mmoja aliyeendesha malori ya Zambia enzi zile. Hawajaitwa. Mmoja wao atachomoa kijiti cha oili, atakifuta kwa vidole, atanusa, kisha hukumu itatoka, nayo huwa ni moja kati ya mbili: "Hii nyepesi mno," au "Hii imeshakuwa nyeusi, injini imekwisha."

Mara nyingi hukumu zote mbili ni za uongo. Oili ya siku hizi hutiwa kemikali za kusafisha, kazi yake kubeba masizi ili yasigande kwenye vyuma, kwa hiyo oili iliyoanza kuwa nyeusi huenda ndiyo inayochapa kazi. Lakini hebu mweleze hayo mzee wa Zambia.

Kwetu kamati hii ni ya kudumu, na ina wajumbe wawili. Wa kwanza ni mjomba, mwenye Land Rover ambayo umri wake haulizwi mezani. Yeye ni oili ya kawaida, tena SAE 40, nzito, na kipimo chake ni kidole gumba na cha shahada. "Isiponata, mwanangu, hiyo si oili, hayo ni maji ya kuoshea vyombo." Wa pili ni shemeji, mwenye Subaru Forester ya tabo. Huyu ni sintetiki tupu. Anazijua herufi za ubora za API kwa mpangilio, SL, SM, SN, SP, na huzitaja bila kuulizwa, hata msibani.

Haki isemwe: kila mmoja yuko sahihi kwa gari lake. Injini ya Land Rover ya zamani ina nafasi pana kati ya chuma na chuma, na oili nzito inaifaa. Tabo nayo inazunguka kwa kasi ya kutisha, jirani kabisa na moshi wa moto, na oili dhaifu hupikwa humo ikabaki makaa. Tatizo ni kwamba wote wawili wanataka kulea gari langu.

Langu ni Toyota IST, injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, gari ambalo ukilipoteza kwenye maegesho ya Mlimani City utajaribu ufunguo kwenye milango ya watu watatu kabla hujafika kwako. Kitabu chake kimo kwenye kisanduku cha dashibodi, na kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Humo ninaloweza kusoma ni tarakimu: 5W-30, na 3.7. Ya kwanza ni uzito wa oili. Iliyotangulia W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi kali, ya mwisho inaeleza uzito wake ikishachemka, kwa kipimo cha nyuzi 100. Ya pili ni lita zinazoingia ukibadilisha oili pamoja na filta.

Sasa, dukani kopo ni la lita 4. Hapo ndipo fundi wangu alipo na falsafa yake.

"Fundi, ishia hapo. Zinaingia lita tatu na pointi saba."

"Bosi, umenunua lita nne."

"Ndiyo, lakini kitabu kinasema tatu na pointi saba."

"Kitabu cha Mjapani. Mjapani hana foleni ya Buguruni." Akainua kopo, akalipindua juu ya funeli mpaka likakauka, akalikung'uta matakoni kabisa. "Kwani ikizidi kidogo inakula nini?"

Ikizidi kidogo haili kitu. Ikizidi sana, krenki shafti inaifikia na kuichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Nilisema hayo. Fundi alikuwa ameshaingia chini ya Noah ya mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa natumia oili ya kawaida na maisha yanakwenda. Shemeji ndiye aliyeona aibu kwa niaba ya ukoo. Siku yangu ya kuzaliwa akaniletea kopo la sintetiki, limefungwa utepe mwekundu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayekabidhi kiwanja: "Shemeji, sasa injini yako itapumua."

Ikapumua kweli. Ikapumulia kwenye pevingi za baba mkwe.

Zile pevingi zilikuwa mpya, rangi mbili, nyekundu na kijivu, zimepangwa kwa mtindo wa mkeka, na Jumapili hiyo tulikuwa tumealikwa chakula hasa ili tuzione. Baada ya pilau nilitoka kuchukua mkoba wa mke wangu garini, nikamkuta baba mkwe amechuchumaa karibu na tairi la mbele, mikono nyuma. Chini ya bampa palikuwa na doa jeusi linalong'aa, ukubwa wa sahani, na juu yake tone jingine lilikuwa linajiandaa.

"Mkwe," akasema taratibu, "gari lako lina kikojozi?"

Mama mkwe alileta maranda ya mbao, kisha sabuni ya unga, kisha majivu. Doa likapungua weusi, likaongezeka upana. Lipo mpaka leo, na wageni wakiuliza wanaambiwa ni la nani.

Mjomba alipopigiwa simu hakuchelewa. "Nilisema. Sintetiki inakula sili." Na huu ni uvumi wenye mizizi. Oili za sintetiki za mwanzo, zile za miaka ya 1970 Mobil 1 ilipoingia sokoni Marekani, ziliwahi kuzipa sili za mpira shida, kwa sababu mpira ulisinyaa kidogo. Watengenezaji walishalirekebisha hilo zamani. Kilichotokea kwangu ni jambo jingine: gasketi ya kava ya juu ya injini ilikuwa imekauka na kupasuka tangu gari halijafika mikononi mwangu, na kilichokuwa kinazuia oili isitoke ni tope la oili za watu waliotangulia. Oili mpya, safi na yenye kemikali nzuri, ilipita humo ikasomba uchafu, na ufa ukabaki wazi. Kulaumu sintetiki hapo ni kumlaumu aliyefagia kwa sababu umeona shimo lililokuwa chini ya takataka.

Fundi hakutaka habari za gasketi. "Tuweke nzito, itaziba." Akamwaga sintetiki ya zawadi, akaweka 20W-50. Na kweli, matone yalipungua. Lakini kila asubuhi nikiwasha, cheni ya injini ilikuwa inapiga kelele sekunde kadhaa kabla haijatulia, na mlio ule jirani yangu aliutumia kujua kwamba muda wa kwenda kazini umefika. Injini hizi za VVT-i hupanga vali zake kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba sana, na kikaza cheni nacho hutegemea oili hiyo hiyo. Ukiziletea oili nzito kuliko ile ziliyopangiwa, inachelewa kufika. Mafuta nayo yalikuwa yanaisha kabla ya mshahara, ingawa kusema kweli hata mwanzo ndivyo yalivyokuwa.

Mwishowe nilinunua gasketi Kariakoo. Kipande cha mpira cha bei ndogo kuliko kopo lolote kati ya yale matatu. Kikafungwa, uvujaji ukaisha, kamati ikakosa ajenda kwa wiki nzima.

Kisha ukaja ule mjadala wenyewe: ipi bora? Nilisoma ili nipate la kujibu mezani. Oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na chembe zake hutoka mchanganyiko, kubwa kwa ndogo. Injini ikichemka, nyepesi huruka kuwa mvuke, nyingine huoza kwa joto zikawa tope. Sintetiki hutengenezwa ili chembe zilingane, hivyo hustahimili joto zaidi na hufika juu ya injini upesi. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilizipima maabara na kukuta sintetiki inazishinda za kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Gharama ya ziada kwa Mmarekani ilikuwa kama dola tano kwa mwezi.

Shemeji alipiga meza. Nikamwomba asubiri, maana kuna la pili. Huko huko Marekani, Mobil iliishtaki Castrol kwenye chombo cha kusuluhisha matangazo ya biashara, ikisema sintetiki ya mwenzake ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana tu. Mwaka 1999 Castrol ikashinda. Tangu hapo makopo mengi yanayoitwa sintetiki yana mafuta ya namna hiyo. Shemeji alinyamaza, akauliza Yanga wanacheza lini.

La tatu ndilo lililomfurahisha mjomba. Mwaka 1996 jarida la Consumer Reports lilichapisha jaribio la teksi 75 za New York, kila moja ikitembea maili 60,000, karibu kilomita 97,000, kwa oili za chapa mbalimbali. Injini zilipofunguliwa, hakuna chapa iliyoonekana kulinda kuliko nyingine. Siri ilikuwa kwamba teksi zile zilibadilishwa oili kwa ratiba, na kwa sababu hazilali, injini zilipoa kwa nadra.

Na hapo ndipo ninaposimama mimi. Sintetiki ni bora, sibishani. Lakini oili ya kawaida inayobadilishwa kila kilomita 5,000 inaishinda sintetiki ya mtu aliyeambiwa 10,000 akasikia 20,000. Tena sisi wa Dar es Salaam kilomita zinatudanganya. Ukisimama saa nzima kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kibandiko cha fundi kwenye kioo hakijui lolote, kilomita hazijasogea, lakini injini imefanya kazi saa nzima kwenye joto bila upepo. Hapo sintetiki ina faida ya kweli kuliko kwenye hiyo W ya baridi, maana Julai yetu haijui theluji. Wa Makete na Njombe wana sababu zao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si aina ya oili, ni kilichomo ndani ya kopo. Oili chafu ya gereji ina wateja halali, maseremala na wajenzi wa uzio huipaka kwenye nguzo mchwa wasizile. Lakini wapo wanaoichuja, wakaijaza kwenye kopo zuri lenye chapa kubwa, wakalirudisha sokoni. Humo utalipa bei ya sintetiki na kupata dawa ya mchwa. Ukinunua, nenda duka linalotoa risiti, tazama kifuniko kama mkufu wake haujakatika, na bei ikiwa nusu ya ya wenzake, ondoka.

Na fundi akishamimina, hata kama amemimina zote nne, usimwachie kopo tupu. Lichukue, litoboe kwa msumari chini na ubavuni, ndipo ulitupe.