Mwalimu Funza

Simba husifiwa kwa ngurumo, tausi kwa mkia. Funza, mwenye urefu wa milimita moja tu, nani kamtungia utenzi? Na hali hakuna mdudu aliyefundisha watu kutembea upya kama yeye.

Kazi yenyewe ni ya jike. Dume huonja damu akaenda zake. Jike hujipenyeza pembeni mwa ukucha, kichwa mbele, akaacha nje ncha ya makalio apate kupumulia na kutagia. Wiki mbili hazijatimia, ameshavimba kufikia karibu sentimita moja, weupe wenye kitone cheusi katikati. Somo huanza kwa muwasho, ambao, tuseme kweli, una utamu wake. Kisha kidole gumba kinakataa kugusa ardhi, na vingine vinamuunga mkono mwenzao. Uzito wote unahamia kisiginoni, magoti yanakazana, mabega yanarudi nyuma, kidevu juu. Mtazame mwanafunzi wake akivuka uwanja: taratibu, hakanyagi pasipochunguzwa. Asiyemjua atasema anaringa. Akiingiwa kisiginoni, anakwenda kwa ncha za vidole kama anayenyatia kuku. Akiingiwa kote, anatembelea kingo za nyayo, mwendo ambao hata askari wa gwaride hawajaufikia.

Halafu ni msafiri. Mwaka 1872 alitoka Brazili ndani ya mchanga uliopakiwa kuipa uzito meli Thomas Mitchell, akashukia Ambriz, Angola. Mabawa hana, akapanda vidole vya wapagazi, ambao vichwani tayari walikuwa na mizigo ya watu wengine. Karne ya 19 haijaisha, yuko Zanzibar.

Mtoto aliyefundwa naye vizuri hahitaji shule nyingine. Njia ni ndefu kwa visigino, na darasani kuna kuchekwa.

Maadui hakosi. Ipo pini, ile moja ya nyumba nzima, inayohama mguu kwa mguu bila kuchemshwa na pengine kuacha pepopunda kama nyongeza. Siku hizi wamezuka na mafuta ya dimetikoni: yanamziba pumzi palepale makalioni, anakufa bila hata kutobolewa. Ukatili gani huu! Wengine wamevuka mpaka kabisa, wanasakafia nyumba kwa saruji na kuwanunulia watoto viatu. Wakiachiwa, watoto hawatakuwa na mwendo wowote wa maana. Watakuwa wanakimbia ovyo tu.