Silensa Ikigoma: Mwongozo kwa Mwenye Nduthi na Subira

Kwanza chagua mahali. Silensa iliyokwama haitoki bila watazamaji, kwa hivyo ukiwa Kawangware isimamishe nduthi pale steji ya 46, adhuhuri, wanabodaboda wakiwa hawana abiria. Wasipungue wanne, na mmoja wao lazima awe na shemeji aliyewahi kuwa fundi. Ukisikia, "Mkubwa, hiyo unaigonga vibaya," jua umefika.

Kabla ya kushika spana, mjue adui. Kwenye pikipiki nyingi za boda, silensa imeshikwa kichwani mwa injini kwa nati mbili tu. Nati ni chuma, msumari wa meno unaozishika ni chuma, kichwa chenyewe ni alumini, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila safari vinavutana, vinapoa, vinamwagiwa matope ya Gatina, vinavutana tena. Baada ya miaka mitatu si nati tena, ni ndoa.

Sasa dawa. Mshauri wa kwanza atasema mafuta taa. Wa pili, mafuta ya breki. Wa tatu atasema Coca-Cola. Huyo ana kiu, mnunulie. Kinachofaa ni mafuta mepesi ya kupenya: paka, nenda ukalale, amka upake tena. Hapo pa kulala ndipo wote tunaporuka.

Ukirudi, gonga nati kidogo kidogo pembeni ili kutu iachie. Kisha ikaze, ndiyo, ikaze unywele mmoja, ndipo uilegeze. Watazamaji watacheka. Waache. Ikigoma bado, mwite fundi wa kuchomelea aipashe nati peke yake mpaka itanuke, halafu igusishe mshumaa: nta itayeyuka na kunywewa na meno. Tanki la petroli liwe limetolewa na kuwekwa mbali. Atakayekwambia tanki halina neno, muulize anaishi plot gani, mkafanyie kazi hiyo mlangoni kwake.

Chuma kikipoa, nikupe hadithi. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya silensa ya bunduki mwaka 1909, na akili hiyohiyo ya kuuzungusha moshi hadi uchoke akaitumia kwenye injini. Baba yake ndiye aliyeunda bombomu ya Maxim, ile ambayo wazungu walikuja nayo huku kutunyang'anya nchi, na mzee huyo aliishia kuwa kiziwi. Kwa hivyo silensa ya mtutu na silensa ya boda ni ndugu wa damu. Kibera nayo si mgeni wa mitutu: ilianzwa na askari wa Kinubi wa Keya, jeshi la Waingereza, waliopewa makao msituni pale mwanzoni mwa karne ya 20.

Siku hizi vijana wa Kibera wanaitoa silensa kwa sababu nyingine. Siku ya msafara wa siasa, au jeneza likipelekwa, utawaona pale Olympic wakiifungua kwa dakika mbili, spana ya kuazima, bila mafuta wala mshumaa, ili nduthi ipige kelele mpaka mabati yatetemeke. Nati hizo haziwagomei kamwe. Nimelifikiria jambo hili sana. Naamini nati inanusa dhamira: ukitaka kutengeneza, inashika; ukitaka fujo, inajifungua yenyewe.

Tuendelee. Spana ikizunguka ghafla kwa wepesi usioutarajia, na ukasikia "tik", usishangilie. Umekata msumari wa meno, na nusu yake imebaki ndani ya alumini. Watazamaji watakumbuka kwamba wana abiria. Isukume nduthi kwa mguu, Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, ushike Ngong Road, ukunje kwenda Makina, kule Kibera, kwa fundi mzee asiyeongea sana. Atachomelea nati mpya juu ya kile kisiki, joto la kuchomelea lilegeze kutu, kisha atakizungusha kitoke kama kizibo. Akirudisha, atapaka meno grisi ya shaba, uliyopaswa kuipaka wewe miaka mitatu iliyopita.

Fundi wangu alikigeuza kile kisiki kiganjani, akanitazama. "Kijana, nani ameshika hii kabla yangu?"

Nikamjibu ni shemeji ya mtu.