Mizimu ya Menengai Yatengenezwa Upya

Mabwana watukufu wa mtaa wa Milimani, ambao nyumba zao zimeegemea mteremko wa volkeno ya Menengai, na ambao jioni huketi nyuma ya malango yenye walinzi wakizitazama filamu za kutisha zilizotengenezwa upya, hulalamika kwamba nakala katu haiishindi asili. Kana kwamba kosa ni la kurudia, si la mrudiaji. Gus Van Sant, mwaka 1998, aliinakili Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, akaitia rangi, na hofu ikatoroka. Ilhali David Cronenberg, mwaka 1986, aliichukua The Fly ya 1958, akabakiza mtu na nzi, mengineyo akayafinyanga upya, na hadhira ikatetemeka. Na waangalie basi kilimani kwao: mvuke ule ule ambao wazee walisema ni roho za wapiganaji wa Kimaasai waliotupwa shimoni vitani, leo wageuzwa umeme, nao watisha maradufu, kwani zamani mizimu ilimwandama mpita njia wa usiku peke yake, na sasa yabisha hodi kwa kila mwenye mita, kwa taadhima zake zote, mwisho wa mwezi.