Sifa za Hasara ya Nishati

Leo nasimama kumsifu asiyesifiwa na mhasibu wala fundi: Bwana Hasara ya Nishati. Kwenye laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, nchini Kongo, karibu kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982, yeye hutoza ushuru njia nzima: anageuza umeme kuwa joto la bure, na wenye migodi wanamlaani. Mimi namtetea huku machimboni.

Simama ukingoni mwa KOV, shimo kubwa la mgodi wa Kamoto huko Kolwezi, uzitazame ngazi zilizochongwa ukutani. Jiwe likichomoka na kuanguka mita 10, linatua kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, kisha linadunda. Litaelekea wapi? Likigusa upana wa kidole pembeni, linakwenda kushoto badala ya kulia, na kila mdundo unaikuza tofauti hiyo. Mhandisi na kompyuta yake watabahatisha tu. Lisingepoteza kitu, lingeruka tena mita zile zile 10, likavuka ngazi moja hadi nyingine mpaka juu ya dereva wa lori.

Hapo ndipo mtukufu wetu anapoingia. Jiwe likibakiwa na theluthi ya mwendo kila linapodunda, nishati iliyobaki ni sehemu moja ya tisa. Mruko wa mita 10 unakuwa mita moja na ushee. Unaofuata, sentimita 12. Nyingine yote imekwenda kwenye joto, mlio na vumbi. Lisipoweza kuruka ukingo, milango yote ya kumfikia dereva imefungwa, na ujinga wetu kuhusu njia yake haumdhuru mtu.

Wanaastronomia Michel Hénon na Carl Heiles walionyesha mwaka 1964 mwendo kama huo usiotabirika, wa nyota ndani ya galaksi. Mfano wao una milango mitatu ya kutokea, nao hufungwa nishati ikishuka chini ya kiwango fulani. Waliokuja baadaye walitia hasara kidogo, na baadhi ya chembe zilizokuwa zikitafuta pa kutokea zikanaswa.

Ila uwezo wa Bwana Hasara una mpaka. Sehemu ya shimo la KOV ilipobomoka Juni 2019, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa. Huyu humudu jiwe moja moja tu. Tena anahitaji pa kufanyia kazi: ngazi iliyojaa kifusi ni mteremko.

Basi, wakubwa wa migodi, okoeni nishati kwenye nyaya na mota. Kwenye ngazi, ondoeni vifusi, mwacheni apoteze.