Tochi Inayofika Kigamboni

Wauza tochi wa Kariakoo hawakuambii chaji inakaa saa ngapi, wala betri yake inapatikana wapi. Wanakuambia mwanga unafika wapi. "Bosi, hii ukiiwasha hapa, watu wa Kigamboni wanafunga madirisha." Wakati huo ni saa saba mchana, jua liko utosini, na mwanga wenyewe hauonekani hata kwenye kiganja cha muuzaji. Unalipa kwa imani.

Kutokana na imani hiyo, nyumbani kwangu kuna droo nzima ya tochi za mfukoni za zumu, zile ambazo ukivuta kichwa mbele mwanga unakusanyika, ukikirudisha unatawanyika. Zote ni za bei ya kawaida, kati ya shilingi 5,000 na 15,000. Umeme ukikatika, kila mwanafamilia anachukua anayoipenda na ubishi unaanza: ipi bora? Kwa kuwa mimi ndiye mnunuzi, na ndiye ninayetumwa nje kuangalia kama kwa majirani nako kuna giza, ninajipa haki ya kutoa hukumu.

Tuanze na iliyoandikwa lumeni 90,000. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Kwa maneno ya boksi, basi, kidude hiki kinachoingia mfuko wa shati kinazishinda balbu mia moja na kumi na mbili zikiwaka kwa pamoja. Tungekaanga mayai sebuleni. Betri yake ni ile nene iitwayo 18650, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Ubavuni imeandikwa mAh 9,900, wakati betri nzuri za aina hiyo, hata za viwanda vikubwa, huzungukia 3,500. Yetu iliwaka vizuri wakati wa chakula, ikafifia kabla vyombo havijaoshwa.

Betri yake ya akiba ilikuwa na visa vyake. Shemeji aliitia mfukoni pamoja na funguo. Betri hizi bati lake lote la nje ni upande wa hasi, na chanya iko kichwani palepale, kwa hiyo ufunguo mmoja unatosha kuziunganisha. Akiwa ndani ya daladala, paja likaanza kupata moto. Shemeji akaruka mlangoni akipiga kelele, "Inaungua! Inaungua!" Abiria hawakuuliza ni nini kinachoungua. Walishuka wote, na konda akashuka nyuma yao akifuata nauli zake.

Ya pili ni ile yenye meno ya plagi yanayokunjwa, unaichomeka moja kwa moja ukutani. Hii ni tochi inayohitaji umeme ili ikusaidie umeme usipokuwepo. Umeme ukiwepo, nani anakumbuka tochi? Na nyingi za aina hii ndani zina betri ya risasi na asidi, ambayo ukiiacha miezi kadhaa haina chaji, inakufa moja kwa moja. Yetu tumeitunza kwa heshima ya bei yake. Kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Ya tatu inatumia betri tatu za remoti, zinazopangwa ndani ya kikapu cha plastiki. Pointi za kugusana ni nyingi na springi zake ni legelege, hivyo ili iwake ni lazima ipigwe kofi. Bibi alipokuja kutusalimia alitutazama kwa muda, kisha akauliza tochi imekosa nini. Tena betri hizo ni zilezile za remoti yenyewe, na kila penalti inapotaka kupigwa, remoti haina roho.

Sasa tuizungumze hii zumu. Ukivuta kichwa mpaka mwisho, ukutani unatokea mraba mweupe. Si ubovu. Kipande kinachotoa mwanga ndani ya LED kina umbo la mraba, na lenzi ikiwa mbali nacho hutupa picha yake huko mbele. Na usidhani unapovuta unaongeza mwanga. Lenzi inapoondoka karibu na LED, sehemu kubwa ya mwanga hugonga kuta za ndani za kichwa na kupotelea humohumo. Kinachobaki hubanwa mahali padogo, ndiyo maana kinaonekana kikali. Jirani yangu hakuyajua hayo. Asubuhi alinijia na salamu ndefu kuliko kawaida, za watoto, za kazi, za nyumbani kijijini, mpaka akafika alipotaka: ni nani aliyekuwa akimfungulia dirisha la mwanga ukutani mwa chumba cha kulala saa nne usiku.

Lakini mtihani halisi wa tochi ya mfukoni ni mita ya Luku. Umeme umeisha, namba 20 ziko kwenye simu iliyobakiza chaji kiduchu, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unabonyeza, tochi iko mdomoni. Ukiwa umevuta zumu, mwanga unagonga kioo cha mita na kukurudia machoni. Hapo unahitaji mwanga mpana na hafifu, basi. Swichi nayo ikiwa ubavuni, inakaa palepale penye meno. Nilikuwa nimebakiza tarakimu chache nilipomeza mate, meno yakabana, tochi ikahamia kwenye kumweka. Watoto wa mpangaji mwenzangu wakaanza kucheza. Mita ikakaa kimya muda mrefu, ikafuta kila kitu.

Huko kumweka sijaona faida yake mtaani. Tochi nyingi za bei hii zinakwenda kwa zamu: mkali, hafifu, kumweka. Kila ukizima na kuwasha, unahamia hatua inayofuata. Mama mkwe aliwasili kwa basi lililochelewa kutoka Tanga, giza totoro, nikatumwa getini kumpokea. Niliposikia hodi nikawasha. Ikawa zamu ya disko. Mama wa watu, kikapu cha machungwa ya Muheza mkononi, akasimama akiziba macho.

"Baba, ni wewe au ni polisi wa doria?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Zima kwanza, ndipo niitikie."

Imebaki moja: nyembamba, fupi kuliko kiganja, inatumia betri moja ya saa ya ukutani. Haifiki Kigamboni. Haifiki hata msikiti wa jirani. Lakini betri yake inauzwa dukani kwa Mangi hata saa tatu usiku, swichi iko mkiani, na ukirudisha zumu nyuma inaangaza chumba kizima bila kumuumiza mtu macho. Betri yake ikidhoofika haitupwi. Saa ya ukutani inakula umeme kidogo mno, kwa hiyo betri iliyoshindwa kuwasha tochi inaweza kuiendesha saa kwa muda mrefu. Kinyume chake usikiruhusu. Mpwa wangu aliwahi kuichomoa betri ya saa ili aweke kwenye tochi, na asubuhi nyumba nzima tulikunywa chai kwa utulivu mkubwa huku saa ikisema saa kumi na mbili kasoro robo. Basi la shule lilikuwa limeshapita.

Kasoro inayo, kama tochi zote za zumu. Kichwa kinachoteleza huvuta hewa ndani na kuitoa, na hewa huingia na vumbi na unyevu. Wakati wa masika lenzi hupata ukungu. Usiitumie kwenye mvua kubwa, na usiitie mfukoni ikiwa na mchanga.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda dukani usiulize inafika wapi. Ndani ya nyumba ya vyumba vitatu hakuna kitu kilichopotea umbali wa mita mia tano. Uliza betri yake inapatikana wapi, swichi iko upande gani, na kama ina mwanga hafifu. Ikijibu vizuri yote matatu, nunua mbili: moja yako, ya pili ya watoto kuchezea, maana wasipokuwa na yao, yako hutaiona tena.