Kikao cha Tume Chini ya Mwarobaini

(Gereji ya uchochoroni chini ya mwarobaini, Ilala, saa mbili usiku. Volkswagen ya mwaka 1964, ile ya mgongo wa kobe, imeinuliwa juu ya matofali. Boliti nne zimefunguliwa na injini imelazwa kwenye tairi bovu. Fundi amekwenda kula, vipuri vimekaa kikao. Ajenda ni moja: kwa nini gari linatetemeka kama lina homa kila dereva anapoachia klachi, hasa akiwa rivasi.)

FLAIWILI: Kikao kimefunguliwa. Mwenyekiti ni mimi, maana hakuna mzito kunizidi humu. Tena nimefungwa kwa nati moja tu, namba 36. Huo ndio uongozi usiogawanyika. Mtuhumiwa asimame.

SAHANI: Shikamoo, mzee. Mimi ni sahani ya klachi, nimekuja Jumatatu.

FLAIWILI: Marahaba. Kwa hiyo umelitetemesha gari tangu Jumatatu.

SAHANI: Mzee, aliyenitangulia alitolewa kwa kosa hilohilo. Na aliyemtangulia yeye pia. Mimi ni wa tatu mwaka huu.

MAUNTINI: Basi ukoo wenu una tabia.

SILI: Achunguzwe kama ana mafuta. Sahani ikilowa inashika, inateleza, inashika tena. Gari litaachaje kutetemeka?

SAHANI: Nichunguzeni. Nikikutwa na mafuta, tutaulizana yametoka kwa nani, dada Sili. Yakinuka kama yai viza, ni ya giaboksi. Yasiponuka hivyo, ni ya injini, na ya injini mlinzi wake ni wewe, hapo nyuma ya mwenyekiti.

(Kimya. Sili anatazama pembeni.)

FLAIWILI: Hatutanusana kikaoni.

SAHANI: Ninuseni tu, mimi mkavu kama dagaa wa Kigoma. Na wewe mzee, hayo madoa ya bluu usoni?

FLAIWILI: Uzee.

SAHANI: Ni joto, mzee. Pona yako ni kwamba mchana fundi alikulazia rula usoni akakuta bado umenyooka.

MAUNTINI: Hata mimi alinitia nondo akaninyanyua. Raba yangu haijaachana na chuma.

FLAIWILI: Basi wote wasafi, na gari linatetemeka! Mwaka 1962 ndugu zetu walishinda East African Safari, wakapita tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi tunashindwa kutoka uchochoroni?

BOMBA: Naomba kusema.

FLAIWILI: Wewe nani?

BOMBA: Bomba la Kebo. Nipo tangu 1964.

FLAIWILI: Sikuoni kwenye mahudhurio.

BOMBA: Sijawahi kuandikwa. Kebo ya klachi inatoka kwenye pedali, inapita chini ya sakafu, ikitokeza nyuma inapita ndani yangu hadi kwenye mkono wa klachi. Natakiwa nining'inie kidogo, kama kamba iliyoanikwa shati bichi, milimita 25 hadi 45. Nikipinda hivyo namkaba Kebo kiasi, hachezi ovyo. Sasa nitazameni: nimenyooka kama askari wa gwaride. Dereva akiachia klachi, injini inajitikisa kwenye raba zake, inamvuta Kebo, klachi inaachia. Injini inarudi, klachi inashika, injini inatikisika tena. Mnatafuta mgonjwa, na kila mmoja anamtikisa mwenzake. Tena kunitazama mimi injini haishushwi. Unalala chini na tochi, basi.

FLAIWILI: Nani kakunyoosha?

SAUTI (kutoka kwenye kopo la Blue Band): Mwulizeni aliyebadilisha kebo mwaka jana.

FLAIWILI: Nani huyo?

WASHA: Tupo wawili. Tulikaa kati ya ncha ya Bomba na kishikio chake pale kwenye giaboksi, tukimsukuma apinde. Kebo ikabadilishwa, tukatolewa, hatukurudishwa. Tunaishi humu na misumari.

SAHANI: Wenzangu wawili wameng'olewa na nyinyi mmenyamaza?

WASHA: Nani anamwita washa shahidi? Sahani ina duka, ina risiti, na ina cha juu cha fundi. Washa hana cha juu.

FLAIWILI (anakohoa): Tume imesikia. Hata hivyo, sahani ya nne imekwisha kuagizwa.

(Fundi anarudi, kijiti mdomoni. Kijana wake anatafuta nati, anamwaga kopo chini.)

KIJANA: Fundi, shikamoo. Hizi washa za wapi?

(Fundi anazitazama. Anamulika Bomba. Anageuka kutazama uchochoroni, kama mwenye gari anakuja. Kisha, bila neno, anazirudisha mahali pake. Bomba linashuka vidole viwili. Injini inapandishwa na Sahani yuleyule wa Jumatatu, nati ya masikio inazungushwa mpaka pedali inacheza milimita 15 kabla ya kushika. Kijana anaweka rivasi, anaachia klachi taratibu. Gari linatoka kimya kama paka.)

Asubuhi mwenye gari alikabidhiwa hesabu: sahani mpya moja, kushusha injini, kupandisha injini. Washa hazikuandikwa.